Radhi Uliyoniombea kwa Ajili ya Kadi ya Kompyuta

Bariadi,
Jumamosi jioni.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako akisubiri umsomee kwa sauti. Goti lako limepoa? Mvua zimefika huko milimani, au tangawizi bado inangoja? Mimi mwilini ni mzima. Nimeshazoea kusema "mwangaluka" asubuhi kama watu wa hapa, na mama mwenye nyumba hucheka ninavyoitamka, kisha hunipa michembe, viazi vyao vitamu vya kukaushwa, nile na chai.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nikianza kueleza wewe husema, "Yamekwisha, mwanangu," nami kwa heshima hunyamaza. Hayajaisha, baba. Naomba usome mpaka mwisho.

Unajua ofisi yetu inapima mashamba na vijiji. Masanja, mpimaji wetu, hurusha droni, na picha zake huja kwangu. Mimi karani huziingiza kwenye kompyuta kubwa, na programu huziunganisha mpaka zinakuwa ramani moja. Ndani ya kompyuta hiyo mna kadi ya grafiki, ndiyo inayobeba kazi nzito ya picha. Kadi tuliyokuwa nayo ilianza kuchoka, ikawa inatupigia mistari kwenye skrini.

Injinia, bosi wetu, akaenda Mwanza, akarudi na kadi mpya ya kampuni nyingine kabisa. Ilikuwa nzuri, baba, kubwa, ina feni tatu. Lakini nilikuwa nimesoma maelezo ya programu yetu, na yameandikwa wazi kwamba hatua ile ya kuunganisha picha inaitegemea kadi ya kampuni ile ya kwanza. Nikakaa na jambo hilo asubuhi nzima nikiogopa, kisha nikagonga mlango wake.

"Mzee, samahani, nadhani hii programu haitaitambua."

Akacheka. "Binti, kadi ni kadi. Ukibadilisha tairi unaliuliza gari kama linaipenda?"

Masanja, aliyekuwa mlangoni na miguu mitatu ya kifaa chake cha kupimia begani, akacheka naye. Mimi nikasema ndiyo mzee, nikaenda kuifunga.

Niliifunga vizuri. Nataka ulijue hili kuliko yote. Nilifuta kwanza programu za kadi ya zamani ili zisigombane na za mpya. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikagusa chuma cha boksi ili mwili wangu usipeleke umeme mahali pasipotakiwa. Nikaichomeka mpaka ikalia "tak", nikaunganisha nyaya zake za umeme. Nilipowasha, skrini iliwaka safi, bila mstari hata mmoja. Masanja akasema, "Dada wa Upare, kumbe una mikono ya daktari." Injinia mwenyewe akanipongeza, na kesho yake akaipeleka ile kadi ya zamani Mwanza kwa aliyemuuzia, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana.

Wiki iliyofuata zikaja picha za mashamba ya pamba ya kule Sola. Nikaziingiza. Programu ikatafuta kadi, haikuiona. Ikaanza kuburuza kazi bila kadi, ikaburuza siku nzima, mwisho ikasimama na kuandika kwamba imeshindwa. Nikarudia. Ikashindwa tena. Na wenye ramani walikuwa wameahidiwa siku, wakaja na kukaa kwenye benchi wakinitazama.

Injinia akatoka ofisini kwake. Hakuniuliza imeshindwa vipi. Aliniambia mbele yao, "Umeiharibu mashine."

Nikasema, "Mzee, mashine ni nzima, ni ile kadi tu, nilisema..."

"Ulisema nini? Nani alikusikia?"

Nikamtazama Masanja. Alikuwa anafuta kioo cha kifaa chake, na kioo kile kilikuwa safi tayari. Baadaye alinifuata nje kwenye bomba akaniambia, "Dada, nilikusikia. Ila mimi nina watoto." Nikanawa uso, nikarudi ndani.

Injinia akanitaka niandike kwa mkono wangu kwamba niliifunga kadi vibaya nikaiunguza kompyuta. Mimi bado niko kwenye majaribio. Nikiandika hivyo, sithibitishwi kazini, na ofisi za upimaji kanda hii zinajuana; hakuna itakayonichukua. Nikamwambia siwezi kuandika ambalo sikulifanya.

Akasema, "Nyie Wapare mnapenda kesi. Mtauza ng'ombe mshtakiane kwa ajili ya kuku. Ngoja nimpigie baba yako."

Namba yako iko kwenye faili langu. Akaiweka simu kwenye spika, watu wote wakisikiliza. Baba, nilisikia kila neno. Alikwambia kwamba nimeharibu mali ya ofisi na ninamjibu vibaya. Na wewe hukuuliza mali gani, wala hukuuliza niko wapi. Ulisema, "Mzee mwenzangu, samahani sana. Mtoto ni mtoto. Namwombea radhi, mrekebishe kama mwanao."

Naijua sauti hiyo. Ndiyo uliyokuwa ukiitumia ulipokuwa mzee wa kanisa, watu waliogombana wakija nyumbani. Kwetu mzazi huomba radhi kwanza, maswali baadaye, na anayeombwa huona haya, naye anasema basi, hata mimi nilizidi. Nimekua nikiona watu wakipatana sebuleni kwetu kwa namna hiyo. Lakini baba, Injinia hakuona haya. Alikata simu akageuka kwangu.

"Umesikia? Mtu mzima amekiri. Wewe unabisha nini?"

Sasa kila mtu ofisini anasema hata baba yake amekubali kosa. Aliyekuwa na huruma kidogo naye ameniacha. Nimeudhika na Injinia, na Mungu anisamehe, nimeudhika na wewe pia. Ulinifundisha nisiseme uongo hata kwa kuogopa. Nimeogopa sana wiki hii na sikusema uongo. Kisha wewe, kwa upole wako, ukausema badala yangu.

Ninachokuomba ni hiki. Mpigie. Usigombane naye, hujui kugombana. Mwambie tu, "Nilikuomba radhi kabla sijamuuliza mwanangu. Sasa nimemuuliza, na ile radhi naichukua." Najua ni aibu kwako kurudi kwa mtu mzima mwenzio na neno la namna hiyo. Najua hujawahi. Ningekuwa na mtu mwingine wa kunisemea nisingekusumbua.

Mama asilie, mwambie ninakula. Bibi mpe pole ya macho. Mdogo wangu Elia aache kuazima koti langu. Mjomba anayekaa jirani na mashine ya kusaga asielezwe habari hizi, atazieneza mpaka Same mjini.

Barua hii naituma kwa basi la kesho alfajiri ikufikie kesho usiku, maana Jumatatu Injinia ataniwekea ile karatasi mezani. Ukiwa umempigia, nitaisukuma kwake nikiwa nimenyooka. Usipokuwa umempigia nitaisukuma vilevile, ila nitakuwa peke yangu.

Ni mimi mwanao ninayekuheshimu hata nikiwa na hasira,

Nakunda