Kofia ya Kusoma Mawazo

Jumanne, jioni

Bado inanikera ile kofia. Watu wa kampuni moja waliileta kwenye zahanati yetu leo, wakasema inasoma mawazo na kuyatuma kwenye simu yao. Sisi wauguzi tulisaini karatasi bila kuisoma, tukaivaa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kubadilishiwa bandeji. Alipovishwa kofia, alijifunika kifua kwa mikono miwili. "Kichwa pimeni," akawaambia kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, "mawazo yangu yako huku." Tulicheka sana.

Sasa sicheki. Yeye angalau alificha. Mimi nilikaa nayo dakika kumi nikiiwaza barua yangu ya kuomba uhamisho, ambayo hata mume wangu hana habari nayo.

Najifariji kwamba kofia yao haijui Kinyambo. Lakini barua ile niliiwaza kwa Kiswahili.