Vipima Viwili na Chupa ya Chumvi

Al Quoz, Dubai, Ijumaa

Salma mjukuu wangu,

Natumai u mzima. Shangazi yako Zuhura amejifungua salama, na goti langu bado lina maneno yake.

Unauliza uamini kipi kati ya vipima unyevu vyako viwili vya bei rahisi, maana sanduku la kutotolea likikauka, vifaranga watafia ndani ya mayai. Swali hili limenirudisha nyuma tangu Jumatatu. Ujanani, ghala letu la karafuu hapa lilikuwa na vipima viwili visivyopatana. Arbab, tajiri wetu, akiuliza kama karafuu zinavuta unyevu, kimoja kilisema ndiyo, kingine hapana.

Mwenzangu Juma, Mpemba, akalowesha chumvi ikawa kama mchanga mbichi, akaitia kwenye chupa pana, akaning'iniza vipima juu yake, akafunga.

"Humo unyevu ni asilimia sabini na tano siku zote," alisema. Kwa nini, mpaka leo sielewi.

Kesho yake kimoja kilisema sabini, kingine themanini.

"Basi vyote vinadanganya," nikasema.

"Tulia bwana, turudie."

Tukarudia. Cha kwanza kilisema sabini tena na tena. Cha pili kila siku na lake. Juma akakitupa.

"Huyu aliyebaki hudanganya vilevile kila siku," akasema. "Mwongo wa hivi utafanya naye kazi. Mwongezee tano tu."

Jaribu hivyo kabla hujaweka mayai.

Nami nilikwambia nitakuja Idi. Bibi yako anacheka, anasema nikuandikie hivi: babu akisema Idi, ongeza mwezi.

Babu yako,
Khamis