Sababu Hazikushika Nyengo

Maguu, Mbinga
24 Machi 1996

Mdogo wangu mpendwa Isidori,

Shikamoo uliyoiandika nimeipokea, marahaba. Wewe, wifi Aurelia na wanafunzi wako wa seminari hamjambo? Sisi tu wazima, na mama bado anakwenda misa ya kwanza kwa miguu yake.

Swali lako la Krismasi limenifuata jikoni na shambani. Unasema kama niliamua kwa sababu nzuri, basi sababu ndizo zilizoamua, mimi sikuwa huru. Ndiyo mnayofundishana huko Mwanza? Basi sikia.

Soko la kahawa lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na magari yao hadi kijijini, shemeji yangu Raimundi alitaka mteremko wangu wote uwe kahawa. Nilikataa. Mteremko ni mkali, na wanangu wanakula ugali, hawali kahawa. Nilitaka ngoro, mashimo yetu ya kuzuia maji mteremkoni. Kama hujasahau, mwanamume hukata nyasi na kuzipanga miraba, mwanamke huchimba shimo katikati na kuzifukia kwa udongo. Raimundi akagoma kunikatia. Alijua mjane hana wa kumpangia nyasi, nitalainika tu.

Nikachukua nyengo ya marehemu mume wangu Augustino, lile panga lake lenye ncha iliyopinda, nikakata mwenyewe. Wanawake wenzangu walisimama njiani kunitazama. Siku ya nne viganja vilivimba, na sababu zangu zote nzuri hazikunikatia hata unyasi mmoja. Zilinionyesha njia, lakini kutembea nilitembea mimi. Raimundi alizijua sababu hizohizo, maana mteremko wake umepakana na wangu, na bado akapanda kahawa. Tena ningeamua bila sababu yoyote, huo ungekuwa uhuru gani? Wa mbuzi aliyekata kamba.

Maharagwe nilivuna vizuri, nikapanda mahindi. Kisha mvua ya Januari ikaishusha miche ya Raimundi yote hadi mtoni. Ngoro zangu zilijaa maji, zikatulia, na mahindi yamesimama mpaka leo. Nimefurahi, Isidori, sikufichi. Jumapili ile nilipita mbele ya kanisa na kitenge kipya, makusudi, tena mara mbili.

Juzi Raimundi alikuja shambani na nyengo yake. Alisimama mpakani.

“Shemeji,” akasema, “nimekuja kukukatia kipande cha juu. Mistari tunaanzia wapi?”

Nilikuwa na sababu za kumfukuza, na zilikuwa nzuri kweli. Nilikuwa nazo za kumpokea pia. Zipime wewe na wanafunzi wako. Mimi nilimwonyesha pa kuanzia.

Mama na binti yangu Jacqueline wanakusalimuni sana. Mungu awalinde, awape na akili ya kuja likizo wakati wa kuchimba.

Dada yako akupendaye, mwenye viganja vigumu,
Walburga