Pampu ya Trekta la Mama Kulwa

Alhamisi, Bugarama. Mvua ilipita jana. Leo jua linachoma mgongo, lakini majaruba ya mpunga bado yana maji.

Mikono yangu inanuka dizeli mpaka ugali nao umenuka. Ila tangu mchana nacheka peke yangu, kwa hiyo naandika kabla sijasinzia.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilitoka Newala kuja kutafuta dhahabu. Shimo letu likajaa maji, na sasa mimi ni dereva wa trekta la Mama Kulwa, mjane anayelima mpunga. Trekta lenyewe linanizidi umri. Marehemu mumewe alilinunua likiwa tayari limechoka.

Siku tatu limekuwa likilima kama dakika ishirini, linakohoa, linazima. Niliishia darasa la tano, lakini injini inayokosa mafuta naijua. Nikasema ni pampu ya dizeli. Nikaifungua, nikaiosha, nikabadilisha mpira wa ndani, nikafunga, nikatoa hewa, nikawasha. Likanguruma. Dakika ishirini, kimya.

Nikaifungua tena. Mara tatu.

Jana Mama Kulwa akasema basi, kesho saa nane wanakuja watu wa chuma chakavu kutoka Kahama. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Trekta likiondoka sina kazi, na Newala sirudi mikono mitupu.

Leo asubuhi nimejaribu kwa mara ya mwisho. Jirani yetu Mzee Masanja, anayelima kwa maksai, akasimama kwenye tuta kunitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mmakonde. Ng'ombe wangu wanauliza, mgonjwa kaamkaje?"

"Waambie leo anawapita."

"Wamesikia. Wanacheka."

Safari hii lilipozima sikugusa pampu kwanza, nikaenda moja kwa moja kufungua mfuniko wa tanki kuona kama dizeli ipo. Mfuniko ukagoma, kisha ukaachia: fyuuu! Tanki likavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini.

Nikaugeuza mfuniko.

Chini ya mfuniko kulikuwa na nailoni. Nailoni yangu. Wiki iliyopita nilichoshwa na vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu hapo jirani, nikaona linapenya kwenye tundu dogo la mfuniko. Nikakunja nailoni mara mbili, nikakaza. Kumbe tundu lile ndilo pua ya tanki. Dizeli ikipungua na hewa haiingii, pampu inavuta weee, inashindwa. Na kila nilipomaliza kutengeneza nilifungua mfuniko kuchungulia mafuta, hewa ikaingia, trekta likawaka, nami nikajiita fundi.

Nikatia nailoni mfukoni, nikafunika tundu kwa kitambaa chepesi, nikawasha. Dakika ishirini. Arobaini. Saa nzima.

Mzee Masanja akavua kofia. "Mmakonde, kumbe unajua!"

Naungama: sifa zile nilizipokea zote.

Saa nane lori la chuma chakavu likafika. Mama Kulwa akawaambia warudi walikotoka, kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa heshima kabisa, ni nani aliyenifundisha pampu. Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri. Nikashindwa. Nikaitoa nailoni.

"Siku tatu naliaga trekta la Baba Kulwa kama naaga maiti," akasema, "kumbe wewe umeliziba pua?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye tope na kitenge chake. Halafu akafuta machozi, akanionyesha majaruba matano ya mwisho. Kuyalima hayo ndiyo adhabu yangu, kesho, peke yangu, bila kulalamika.

Sitalalamika. Ninachojiuliza ni hiki tu: mbona pampu niliishuku siku tatu, na mkono wangu sikuushuku hata mara moja?