Lukole na Rukore

Ngara Mjini,
Jumapili, 12 Agosti 2007

Kwa dada yangu Mwanne,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada. Natumai barua hii itawakuta wewe na shemeji Hasani mkiwa na afya, duka halijawachosha, na mgongo wako umetulia tangu ulipobeba yale marobota ya vitenge. Mimi mwili mzima, ila roho haikai. Tangu asubuhi nimekwisha kuchana karatasi tatu, na hii ya nne nimeamua sitaichana hata ikitoka na madoa. Usishangae kuona barua badala ya simu. Simu yako unaipokelea kaunta, wateja wamejaa, na haya si ya kusikilizwa na mtu anayechagua kanga. Nimempa Audax, kondakta wa basi la asubuhi, nikamsisitiza akukabidhi wewe mwenyewe, si jirani.

Siku ya Idi uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu kwa mzaha kwamba nalipwa kusahihisha Kiswahili cha watu. Sasa nikueleze vizuri, maana bila hilo hutaelewa yanayofuata. Ofisi yetu inawatafutia wakimbizi wa kambini ndugu waliopotezana nao. Zamani kila mtu alikuwa na kadi kwenye sanduku. Mwaka jana kadi zote zikaingizwa kwenye kompyuta, katika kitu kinachoitwa wiki, yaani daftari moja ambalo sote ofisini tunaliandika na kulirekebisha. Kila mtu ana ukurasa wake, na kurasa zimepangwa ngazi kwa ngazi: kambi, ndani yake kitalu, ndani yake kijiji, mwisho jina. Kwenye ukurasa wa mama unaweka kiungo cha kwenda kwa mtoto. Ukibonyeza jina, unafika. Jina likiwa la bluu, ukurasa upo. Likiwa jekundu, huko hakuna kitu.

Shida yetu ni ulimi. Unawajua watu wa huku, L na R kwao ni mamoja. Fabrice, karani mwenzangu, Mrundi mmoja mtaratibu sana, aliingiza kadi kama zilivyoandikwa, na nyingine ziliandikwa Lukole, nyingine Rukore. Kompyuta haina akili ya kujua kwamba ni kambi ile ile. Ikajenga kambi mbili. Mume yuko Lukole, mke yuko Rukore, na hakuna njia kati yao. Mkuu wetu, Felisiani, aliponipa kazi ya kuhamisha kurasa zote za Rukore kwenda Lukole, nilivimba kichwa. Mtoto wa watu wa Pangani, nani wa kunifundisha L na R? Niliwacheka mpaka Fabrice akaninunia siku mbili.

Sasa, kuna mama mmoja wa Lukole anaitwa Niragira, mwembamba, anasema polepole. Huja kila Jumatatu. Kusoma hajui, lakini ukurasa wake anaujua kwa sura, na huomba aonyeshwe. Siku moja aliniuliza kwa nini jina la mwanawe limeandikwa kwa wino mwekundu, kama la mwanafunzi aliyefeli. Nikamwambia ni kwa sababu hatujampata. Binti huyo, Akimana, alipotea mwaka tisini na tisa akiwa na miaka miwili. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya kambini. Bibi akambeba mtoto mgongoni akaenda Nyamahanga kutafuta kibarua cha kupalilia, na hawakurudi. Sasa kambi inafungwa, watu wanarudishwa kwao, na Niragira alikuwa ameandikwa kwenye msafara wa Jumanne hii, kupitia Kabanga. Akishavuka mpaka, kumtafuta mtoto upande huu ndiyo basi tena.

Tarehe mosi mwezi huu nilifikia ukurasa mmoja katika zile za Rukore. Akimana, wa kike, miaka miwili hivi, bibi yake alifariki gulioni Nyamahanga, kovu la moto kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Akina Akimana ni wengi humu, ndiyo maana huwa tunawatafuta kwa kambi kwanza, basi sikushtuka sana. Nikateremka hadi kwenye mstari wa mtoa taarifa. Bi Mwanne, mwenye duka la vitenge, Biharamulo mjini.

Dada, wewe ulifanya haki. Nataka usome hapo mara mbili. Ulimchukua mtoto pale gulioni ulikokuwa ukiuza vitenge, ukampeleka kuandikishwa wiki ile ile, na karani alipouliza ametoka wapi, ukamtajia kama yule bibi alivyokutamkia kabla ya kukata roho: Rukore. Nakumbuka tulivyoliigiza neno hilo jikoni tukicheka, nami sikulifikiria tena hadi nilipouona ukurasa ule. Miaka minane ulingoja mtu aje kuuliza, hakuja, nawe ukawa umekwisha kumpa jina la Zawadi, na nani angekulaumu? Kumbe alikuwa akiulizwa kila Jumatatu, ila chini ya L.

Nimefika kwenye neno lililonichanisha zile karatasi. Sikuwaunganisha. Kovu lile nalijua, nimelizungushia hina kwa mkono wangu kila Idi, sikuwa na shaka yoyote. Nilichofanya ni kuuondoa ukurasa ule nikauhamishia fungu la mengineyo, tunakotupia kadi zisizosomeka, nikaukatia viungo vyote. Ukurasa usiofikiwa na kiungo chochote hapa ofisini tunauita ukurasa yatima. Mimi Shamsia nimemfanya mtoto yatima kwa kidole kimoja, na mama yake yu hai. Jumatatu iliyopita alikuja kuuliza, nikamtazama machoni nikasema hakuna. Akanishukuru. Nilikuwa nahesabu siku za msafara, dada. Nilikuwa nakuwaza wewe na zile nguo zake za shule unazopiga pasi mwenyewe, hutaki msichana wa kazi aziguse.

Nilichosahau ni kwamba wiki inatunza kila kitu. Ukihamisha ukurasa, inaandika ni nani na saa ngapi. Fabrice aliona juzi Ijumaa. Hakunisema popote. Aliniuliza tu Mwanne ni nani kwangu, nikamjibu ni dada yangu. Akaniambia yeye anamtafuta mdogo wake tangu tisini na tatu, na siku zote alidhani tatizo ni kwamba hakuna anayejua alipo. Kisha akarudi mezani kwake akaendelea na kazi. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

Jana asubuhi niliurudisha ukurasa mahali pake, Lukole kwa L, nikaweka viungo, wa mama kwenda kwa mtoto na wa mtoto kwenda kwa mama, nikamweleza Felisiani yote. Kama kazi bado ninayo, sijui. Niragira akaitwa. Kabla hatujasema neno aliangalia kioo cha kompyuta, akaona jina limekuwa la bluu, akakaa sakafuni. Alipoinuka aliomba afutwe kwenye msafara.

Watakuja kwako Alhamisi, yeye, Felisiani na mtu wa ustawi wa jamii. Hawatamchukua siku hiyo. Kwanza wataonana, naye mtoto ataulizwa. Lakini yatakapoishia unapajua, nami napajua. Nakufahamu, dada, utawaza basi la Mwanza. Nakusihi usilipande. Nikasirikie mimi, usinialike harusini wala usinipe habari za msiba, lakini Alhamisi uwepo nyumbani.

Niragira aliniuliza jambo moja tu, kama mtoto bado huitika akiitwa Akimana. Nilimwambia sijui, maana sijawahi kukusikia ukimwita hivyo. Mwite, dada. Mwite wewe kabla ya Alhamisi, kwa sauti ile ile unayomwitia chakula, asije akalisikia jina lake kwanza kwa mtu asiyemjua.

Msalimie sana shemeji, na mama mkwe wako umwambie namwombea miguu yake ipone. Mtoto msalimie kwa majina yote mawili.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea na ninayekupenda,
Shamsia