Kura ya Shangazi

Xiaobei, Guangzhou, China
18 Desemba 2005

Shangazi Aikande,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya hapa inapenya hadi kwenye soksi. Najua macho yako hayaoni tena, na binti yako Sia ndiye anayekusomea. Sia, usiruke mstari.

Uchaguzi uliposogezwa hadi tarehe 14, niliahidi kurudi nikushike mkono hadi kituoni, nikuwekee alama unapotaka. Kisha nikakuambia ndege zimejaa. Shajara yangu ya tarehe 11 inasema: "Kiti kipo. Nimebaki kwa ajili ya viatu." Muuzaji wa soko la viatu la Zhanxi, ninakonunua mzigo wa kuja kuuza huko, alinicheka, "Rafiki, kesho bei hii meiyou!" yaani haitakuwepo, nami nikabaki.

Loyce wa jirani alijitolea kukusaidia, ukamjibu, "Siri yangu ataingia nayo Elisante tu." Hata hivyo ukaningoja kituoni hadi wakafunga.

Baba yako alinyimwa kura mwaka 1958 kwa kukosa elimu na mshahara. Sheria zikalegezwa kidogo kidogo, hadi nawe ukahesabiwa. Yeye alizuiwa na wakoloni. Wewe nimekuzuia mimi.

Sia, najua hapo umeshusha sauti. Rudia.

Mwanao mwenye aibu,
Elisante