Kidari cha Mbuzi wa Krismasi

Mjukuu wangu Eliudi,

Marahaba, shikamoo yako imetufikia hapa Machame. Bibi yako hajambo, ila magoti yanamsumbua kidogo, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Unauliza niliachaje sigara bila dawa yoyote, kwa kuwa nawe unataka kuziacha. Nitakuambia ukweli: niliziacha kwa wivu.

Nilipokuwa kijana, miaka ile maduka ya Moshi yalipoanza kujaa sigara za kila aina, mdogo wangu Ndelilio aliacha kuvuta. Krismasi ilipofika, baba alichinja mbuzi akagawa nyama. Nyumbani kwetu kidari kilikuwa cha mtoto wa kwanza, yaani mimi. Siku hiyo baba alimpa Ndelilio.

"Baba, mkubwa ni mimi," nikasema.

"Mkubwa ni anayejitawala," akajibu.

Ndelilio akacheka. "Kaka, nikukatie kipande? Au moshi umekushibisha?"

Sikula. Siku hiyohiyo nilitupa pakiti yangu chooni. Kila hamu iliponishika shambani kwenye kahawa, nilimkumbuka akitafuna kidari changu, nikasaga meno hadi ikapita. Krismasi iliyofuata, baba alininusa koti mbele ya wote, akanipa kidari.

Hata hivyo, wivu haukuisha. Ndelilio amesahau hata harufu ya tumbaku, ilhali mimi bado huota navuta. Huamka kwa hofu, nikanusa vidole vyangu, nikavikuta safi. Asubuhi kama hizo, mjukuu wangu, simwonei wivu mtu yeyote.

Babu yako